Belti ya Gari la Zamani: Anza na Puli, Si na Jina la Gari

Ukiingia duka la spea pale Ukunda, pwani ya kusini ya Kenya, na kuulizia belti ya feni, swali la kwanza utakaloulizwa ni, "Gari gani?" Mwenye Probox akishajibu, kazi imekwisha, muuzaji hunyoosha mkono rafuni na belti iko kaunta. Lakini mwenye Land Rover ya 1968, Peugeot 504 ya pikapu, Datsun 1200 au Volkswagen Beetle akijibu kwa jina la gari tu, mara nyingi hurudi nyumbani na belti isiyomfaa. Ataifunga kwa kulazimisha, itapiga kelele wiki mbili, kisha itakatika akiwa njiani, na lawama zitamwangukia fundi.

Gari la zamani la hapa kwetu halinunuliwi belti kwa jina lake. Hununuliwa kwa puli zilizoko kwenye injini leo hii. Ukilishika hilo, utafutaji wote unakuwa mwepesi, na utaokoa pesa za nauli ya kwenda Mombasa na kurudi bure.

Sababu iko katika historia ya magari yenyewe. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. 504 ikashinda 1975 na 1978. Datsun nayo ikatwaa miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, Shekhar Mehta akiwa kwenye usukani. Ushindi huo uliuza magari kweli kweli, kwa sababu watu waliyaona yakipita kwenye matope na mawe yale yale waliyoyajua wao. Land Rover zikawa zinaunganishwa Thika katika kiwanda cha Leyland, na Peugeot 504 nazo ziliunganishwa humu nchini kwa miaka mingi. Ndiyo maana bado yapo, kuanzia Tiwi hadi Vanga, mengine yakibeba samaki, mengine nazi, mengine yakitunzwa na watoto wa waliokufa wakiyaacha.

Lakini gari lililofanya kazi miaka hamsini halikubaki vile lilivyotoka kiwandani. Land Rover za Series II na IIA kwa kawaida zilikuja na dainamo. Series III, iliyoanza 1971, ikaja na altaneta. Leo ni vigumu kukuta Series IIA inayotumika kila siku ikiwa bado na dainamo yake, maana mwenyewe alichoka na taa hafifu usiku, fundi akamfungia altaneta ya Toyota au Nissan. Puli ya altaneta hiyo kwa kawaida ni ndogo kuliko ya dainamo, na imekaa mahali pengine kidogo. Hapo hapo urefu wa belti umebadilika, na kitabu cha gari hakijui. Zipo Land Rover za huku zenye injini ya dizeli ya Isuzu, na 504 za pikapu zenye injini ya Toyota. Kuna Datsun aliyoinunua mtu wa hoteli Diani akaifungia eyakondishini, nayo ikaja na kompresa na puli ya pili ambayo mhandisi wa Datsun hakuwahi kuifikiria.

Basi kabla hujatoka nyumbani, fungua boneti, injini ikiwa imepoa, utazame. Hesabu belti. Magari mengi ya umri huu yana moja tu, inayotoka puli ya kranki kule chini, inapita pampu ya maji yenye feni, inazunguka dainamo au altaneta na kurudi. Ikikatika, unapoteza chaji na upoaji wa injini kwa pamoja. Injini nyingine, hasa dizeli kubwa za Land Cruiser za zamani na za Mercedes, zina belti mbili zinazokimbia sambamba kwenye puli yenye mifereji miwili. Hizo hubadilishwa zote mbili kwa wakati mmoja, za kiwanda kimoja na ikiwezekana za toleo moja. Ukifunga mpya moja ukaacha kuukuu moja, mpya ndiyo itakayovuta mzigo wote peke yake na haitadumu. Taiming belti ni habari nyingine kabisa, imefichwa ndani ya kifuniko chake, na sitaigusa hapa.

Mwenye Peugeot 404 au 504 asibabaike akiona feni haizunguki asubuhi wakati puli inazunguka. Nyingi zina feni inayoshikwa kwa sumaku ya umeme, inaamka joto likipanda. Belti haina kosa hapo.

Sasa namba. Belti ya zamani, hata ikiwa imechakaa, kwa kawaida huwa bado inazungumza. Nilishuhudia jambo hili kwenye kaunta moja ya Ukunda. Mzee mmoja aliyetoka Msambweni alifika na belti imefungwa kwenye gazeti. Kijana wa duka akamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba.

"Nataka ya Land Rover, mwanangu. Ya sitini na nane."

"Mzee wangu, injini ni ile ile?"

"Injini ni ya Isuzu. Tuliitia miaka mingi."

Kijana hakufungua kitabu cha Land Rover wala cha Isuzu. Alichukua kitambaa chenye maji ya sabuni akaupangusa mgongo wa belti, akaukausha, kisha akausugua kwa ubavu wa chaki nyeupe. Halafu akauinamisha kwenye mwanga wa mlango. Maandishi ambayo macho yalikuwa hayayaoni yakajitokeza: herufi tatu na namba. Akaingia stoo akatoka na belti. Hakukuwa na ubishi wala kubahatisha. Kila mwenye gari la zamani anaweza kufanya vile vile nyumbani kwake, na picha ya maandishi hayo ikitumwa kwa simu kwa muuzaji wa Mombasa inafaa kuliko maelezo ya nusu saa.

Kuna lugha nne utakazokutana nazo juu ya belti. Ukikuta AV10 au AVX10 ikifuatiwa na namba kama 875, maana yake ni upana wa juu milimita 10 na urefu wa nje milimita 875. Herufi X inakuambia tumbo la belti lina meno, na meno hayo si ya kushika puli, ni ya kuiwezesha ikunjike vizuri kwenye puli ndogo na kutoa joto. AV13 ni ile ya upana wa milimita 13. Huu ndio mpangilio wa Ulaya, na ndio ulio rahisi zaidi kutumia, maana hauhitaji kuigeuza inchi hata moja.

Belti za Kijapani, za Bando na Mitsuboshi, ambazo ndizo nyingi madukani kwetu, zina herufi na tarakimu nne. Chukua RECMF 6350. Tarakimu tatu za mwisho ni urefu kwa inchi, yaani 35.0, ambazo ni kama milimita 889. Tarakimu ya mbele ni ya saizi ya upana, na hapo uwe macho, kwa sababu kila kiwanda kina mpangilio wake. Usidhani saizi 2 ya huyu ni sawa na saizi 2 ya yule. Ipime kwa venia, kifaa cha kupimia upana.

Lugha ya tatu ni ile ya belti za viwandani na mashambani: A34, B52, na kadhalika. Herufi ni umbo, A ikiwa na upana wa milimita 13 na unene wa 8, B ikiwa na upana wa 17 na unene wa 11. Namba inayofuata ni inchi za urefu wa ndani. Ya nne ni ya belti bapa zenye mistari, mfano 4PK 875: mistari minne, urefu milimita 875. Hiyo utaikuta kwenye gari la zamani endapo tu limepewa injini ya kisasa zaidi, na haiwezi kukaa kwenye puli ya mfereji mmoja wa V kwa namna yoyote.

Umeona kwamba wengine wanataja urefu wa nje na wengine wa ndani? Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza pesa. Tofauti kati ya nje na ndani ni unene wa belti ukizidishwa kwa 6.28. Belti yenye unene wa milimita 8 ina tofauti ya milimita 50 hivi. Kwa hiyo belti ya 875 kwa nje ukiipima kwa ndani utapata 825, na ukienda dukani ukaomba 825 utauziwa belti fupi kwa sentimita tano nzima. Hiyo haitaingia hata uilegeze altaneta mpaka mwisho. Na A34, ambayo ndani ni milimita 864, kwa nje inafika 914. Unapotoa kipimo, taja daima ni cha nje au cha ndani, na muulize muuzaji naye anasoma kipi.

Ikiwa belti imekatika na kupotea, au ile iliyopo nayo ilikuwa ya kubahatisha, itabidi upime puli zenyewe. Kazi hii haina haraka, na ni afadhali uifanye mwenyewe kuliko kumwachia mtu asiyejali.

Kwanza upana. Usipime sehemu ya chini ya mfereji, pima mdomoni, pale ukuta wa puli unapoishia, kwa venia au kwa rula ya chuma. Pima puli zote, maana altaneta ya kuazima huenda ina mfereji wa 10 wakati puli ya kranki ni ya 13. Hali hiyo ipo kwenye magari mengi ya huku, nayo ndiyo chanzo cha belti kukatika kila miezi michache bila sababu inayoonekana. Dawa yake ni kwa fundi wa mashine za kukereza vyuma kubadilisha au kuchonga puli ya altaneta ilingane na zile nyingine. Belti pekee haiwezi kuponya kosa hilo.

Kisha urefu. Sogeza altaneta mpaka ifike kama theluthi moja ya nafasi yake ya kurekebisha, ukihesabu kutoka upande wa injini. Ukiiacha imelala kabisa kwenye injini utapata belti ambayo huwezi kuiingiza. Ukiivuta mpaka mwisho hutakuwa na nafasi ya kuikaza itakapolegea. Kaza bolti iishikilie hapo. Chukua waya mwembamba wa umeme, ule wenye ngozi ya plastiki, uuzungushe kwenye puli zote kwa njia ile ile ambayo belti hupita, ukiwa juu juu mdomoni mwa mifereji. Usitumie mshipi wa kuvulia. Nailoni hunyumbuka na itakudanganya kwa sentimita moja au zaidi. Tia alama pale ncha zinapokutana, unyooshe waya mezani, upime kwa futi ya fundi cherehani. Hicho ni kipimo kilicho karibu na urefu wa nje. Rudia mara ya pili. Vipimo viwili vikitofautiana kwa zaidi ya milimita tano, pima tena.

Ukiwa na belti ya zamani, ikate na kuilaza mezani upime mgongo wake, lakini kumbuka imenyumbuka kwa kazi. Chagua ile mpya iliyo fupi kidogo, si ndefu kidogo. Belti nyingi huuzwa zikipishana kwa milimita 10 au nusu inchi, kwa hiyo hutakosa iliyo karibu.

Ukishapata belti mkononi, usiondoke dukani kabla ya kuipachika kwenye puli ikiwa umekwenda na gari, na ikiwa hukwenda nalo, omba ruhusa ya kurudisha ukiwa na risiti. Ikikaa vizuri, mgongo wake uwe sawa na mdomo wa puli au uchomoze kidogo sana. Ikizama chini ukaona kuta za puli zimesimama juu yake, ni nyembamba mno. Itakuwa inakanyaga chini ya mfereji wakati belti ya V hushika kwa mbavu zake, si kwa tumbo. Ikikaa hivyo itateleza daima, hata uikaze namna gani. Tazama pia chini ya mfereji wa puli yako: pakiwa panang'aa kama chuma kilichosuguliwa, jua kuna belti iliyokuwa ikikanyaga pale kwa muda mrefu.

Huku kwetu tuna adui ambaye mtu wa Nanyuki hamjui sana. Hewa ya chumvi hula puli. Magari yanayoshushwa ufukweni kuvuta mashua, pale Gazi au Shimoni, hurudi na chumvi imekaa ndani ya mifereji, na kutu ikishika ukuta wa puli huwa kama mbuzi ya kukunia nazi: belti mpya inaisha mbavu kabla ya mwezi kwisha, na unga mweusi unajaa kwenye boneti. Suuza puli kwa maji baridi yasiyo ya chumvi kila ukitoka ufukweni. Kabla ya kufunga belti mpya, sugua mifereji kwa msasa mwembamba mpaka iwe laini, uipanguse kwa kitambaa kikavu, na usiipake chochote. Puli iliyochimbika mashimo ibadilishwe, na nasema hivyo nikijua bei yake, kwa sababu ni nafuu kuliko belti tano.

Kuhusu mahali pa kununua. Ukunda inatosha kwa belti za Kijapani za saizi za kawaida, na wauzaji wake kadhaa wana uvumilivu mzuri wa kutafuta kwa namba. Mombasa, kwenye maduka ya spea ya Mwembe Tayari na Jomo Kenyatta Avenue, utapata upana na urefu mwingi zaidi, pamoja na AVX za Ulaya. Huna haja ya kupanga foleni ya feri ya Likoni kwa ajili ya kipande cha mpira. Piga simu, tuma picha ya namba na ya belti ikiwa kando ya rula, lipa kwa M-Pesa mkikubaliana juu ya kurudisha, na mzigo uje na matatu. Barabara ya Dongo Kundu nayo imewapa wenye magari njia nyingine ya kufika ng'ambo bila kuvuka kwa feri. Nairobi, Kirinyaga Road na maeneo ya Grogan, wapo wauzaji wa spea za Peugeot na Datsun ambao wamekaa na bidhaa hizo tangu zilipokuwa mpya.

Upande wa kusini usiudharau. Tanzania bado ina Land Rover nyingi sana barabarani. Mnamo Oktoba 2024 mamia yake yalikusanyika Arusha kwa tamasha la magari hayo. Anayeishi Lunga Lunga yuko karibu na Tanga kuliko Nairobi, na mafundi wa huko wanaijua Series III vizuri. Wenye ndugu Dubai au Muscat wanaweza kuagizia belti za Land Cruiser za zamani kutoka soko la spea la Sharjah. Kwa vile belti ni nyepesi na hujikunja, inaingia kwenye sanduku la mtu yeyote anayerudi likizo. Ila mtumie namba na vipimo, usimtumie jina la gari.

Duka la pembejeo au la vipuri vya posho mili ni suala la kufikiria kwa makini. Kinango na Mkongani utapata belti za A na B kwa urahisi, na A ina upana ule ule wa milimita 13. Watu huzifunga kwenye magari, na gari linawaka na kwenda. Tatizo ni kwamba belti ya mashine ya kusaga imeundwa kwa puli kubwa zinazozunguka kwa mwendo mmoja, mahali penye hewa. Kwenye altaneta yenye puli ndogo, ndani ya joto la injini, inakunjwa kupita uwezo wake na mgongo unaanza kupasuka. Itakufikisha nyumbani, na ni halali kuitumia kwa hilo. Usiiache humo ukaenda nayo Nairobi.

Kuhusu ubora, belti nzuri ina maandishi yanayosomeka sawasawa, mbavu zilizokatwa safi na pingili za meno zinazolingana. Ikunje iwe kitanzi kidogo utazame tumbo: nyufa ndogo ndogo zina maana mpira umezeeka dukani hata kama belti haijawahi kuzunguka. Hili hutokea sana kwa belti zilizoning'inizwa msumarini mlangoni, jua la mchana likizipiga miaka mitatu. Uzi unaochomoza kando, maandishi yanayotoka kwa kidole, au jina la kiwanda lililokosewa herufi moja, hizo ni dalili za feki. Kenya ina sheria ya bidhaa ghushi tangu 2008 na mamlaka yake, lakini kaunta ya duka haina askari. Macho yako ndiyo ulinzi wa kwanza. Ningechagua belti ya bei ya kati ya kiwanda kinachojulikana kuliko "orijino" ya jina la gari lako ambayo hakuna anayejua imekaa stoo tangu lini.

Wakati wa kufunga, toa waya wa betri kwanza. Legeza bolti za altaneta zote, ile ya kurekebisha na zile za chini inapoegemea, uisukume mpaka belti iingie kwa mkono. Usiibetue belti kwa bisibisi juu ya mdomo wa puli. Nyuzi za ndani hukatika bila kuonekana nje, na belti mpya inakuwa imeanza kufa siku hiyo hiyo. Kaza mpaka ukibonyeza kwa gumba katikati ya sehemu ndefu iliyo wazi, ishuke kama sentimita moja. Wengi hukaza mpaka ilie kama uzi wa zeze wakiamini ndiyo usalama. Wanachoua ni beringi za pampu ya maji na za altaneta, ambazo ni ghali zaidi. Kisha simama mbele ya gari utazame puli zimepangana mstari mmoja. Uzi ulionyooshwa kando ya puli ya kranki hadi ya altaneta utakuonyesha kama kuna iliyoingia ndani au kutoka nje, na washa moja au mbili nyuma ya mkono wa altaneta huweza kumaliza hitilafu hiyo.

Endesha, kwa mfano kutoka Diani hadi Kombani, upande mlima wa Kwale na kurudi. Mlima ule ni kipimo kizuri kwa sababu injini inafanya kazi na joto linapanda. Ukirudi, acha ipoe na ukaze tena, maana belti mpya hulegea mwanzoni. Ikilia asubuhi ya kusi, unyevu ukiwa umejaa hewani, na kunyamaza baada ya dakika moja, usiwe na wasiwasi. Ikilia unapowasha taa na eyakondishini, imelegea au imekuwa laini mbavuni. Usipake sabuni, nta wala grisi. Kelele itakoma na kuteleza kutaongezeka, na geji ya joto ndiyo itakayokupa habari.

Wenye Volkswagen Beetle wana utaratibu wao. Hakuna mkono wa kusogeza dainamo. Belti hukazwa kwa washa zinazowekwa kati ya nusu mbili za puli ya juu. Ukitoa washa moja ndani, nusu zinakaribiana na belti inapanda juu na kukaza. Zile unazozitoa zifunge upande wa nje wa puli chini ya nati hiyo hiyo, zisipotee, kwa sababu utazihitaji siku ya kufunga belti mpya. Mbonyezo wake ni kama milimita 15. Na hili naliomba kwa moyo wangu wote: taa nyekundu ya chaji ikiwaka Beetle ikiwa barabarani, simama hapo hapo, zima. Injini hiyo inapozwa kwa hewa ya feni inayozungushwa na belti hiyo moja. Kilomita tatu bila belti zinatosha kuiua, na hakuna geji ya joto ya kukuonya.

Kwa gari linalopozwa kwa maji, belti ikikatika kati ya Waa na Ng'ombeni, una muda mfupi tu kabla ya joto kupanda. Simama kivulini, usifungue rejeta. Vipande vya mpira wa tyubu vilivyofungwa kwa nguvu vinaweza kuzungusha pampu ya maji kwa mwendo wa taratibu hadi kituo kinachofuata, ukizima kila joto likipanda. Foleni ya feri ndiyo mahali pabaya zaidi, kwa vile injini inanguruma bila hewa ya mwendo. Belti yako ikianza kuteleza pale, zima injini kila foleni inaposimama.

Beba belti ya akiba iliyojaribiwa, yaani iliyowahi kufungwa kwenye gari hilo na kukubali. Ikunje duara bila kuivunja, iweke kwenye mfuko mweusi chini ya kiti pamoja na spana zinazofaa bolti zako. Land Rover za zamani zina bolti za inchi, na spana ya milimita inayokaribia itazikwaruza vichwa. Ikiwa injini yako ina belti ya mbele inayozuia ya nyuma, fuata desturi ya mafundi wa mbio za masafa marefu: ipitishe belti ya akiba nyuma ya puli mapema, uifunge kando kwa waya wa plastiki mahali isipogusa kitu. Siku ya tatizo hutafungua mbili ili kubadilisha moja.

Namba iliyokubali iandike kwa rangi upande wa ndani wa boneti: upana, urefu wa nje, na tarehe. Ukibadilisha altaneta, puli au kompresa, futa namba hiyo, pima upya, uandike mpya.